Jinsi ya Kuipasua 4,294,967,297 kwa Kalamu na Daftari: Mwongozo Kamili

Pale Mpondwe, mpakani mwetu na Kongo, vibao vya maduka huandikwa namba mbili za simu: moja inaanza na +256 ya kwetu Uganda, nyingine na +243 ya ng'ambo. Watu huzipita kutwa nzima bila kuzitazama. Mimi hufundisha hesabu jioni, na siku moja niliandika ubaoni 256 na 243 tu, nikawaambia wanafunzi wazigawe mpaka ziishe. 243 iliishia kwenye 3 peke yake: 3×3×3×3×3. 256 iliishia kwenye 2 peke yake, mara nane. Kisha binti mmoja akauliza, je, ya Burundi? Ya Burundi ni 257, na 257 haikatiki. Ni namba tasa, yaani hakuna kinachoigawa bila baki isipokuwa 1 na yenyewe.

Swali la binti yule lilitupeleka mbali kuliko nilivyopanga. Ukiichukua 256, ukaizidisha yenyewe, jawabu ukalizidisha lenyewe tena, kisha ukaongeza moja, unafika kwenye 4,294,967,297. Namba hii ilimdanganya Pierre de Fermat, mmoja wa wanahisabati wakubwa kabisa wa Ufaransa, na ikakaa miaka zaidi ya 90 kabla mtu hajaikata. Katika mwongozo huu utaikata wewe mwenyewe, kwa mkono.

Unahitaji daftari la miraba, kalamu, na saa mbili za utulivu. Simu iweke kando. Kalkuleta ndogo za dukani zenye nafasi ya tarakimu nane hazitakusaidia pia, maana namba yetu ina tarakimu kumi.

Hatua ya kwanza: ijenge

Usiinakili namba kutoka hapa. Ijenge, ili mkono wako uijue. 256×256 ni 65,536. Sasa 65,536 mara 65,536, na hapa ni rahisi ukiigawa vipande viwili, 65,000 na 536:

65,000 × 65,000 = 4,225,000,000
2 × 65,000 × 536 = 69,680,000
536 × 536 = 287,296

Jumla ni 4,294,967,296. Hiyo ni 2³², yaani 2 thelathini na mbili zilizozidishwa pamoja. Ndiyo pia idadi ya anwani zote zinazowezekana katika mfumo wa zamani wa intaneti, ule wa namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Ongeza moja, na tumefika.

Ili uuhisi ukubwa wake: zingekuwa shilingi zetu, ungehitaji noti 85,899 za elfu hamsini, na chenji ya 17,297 juu. Au tuseme mtu alianza kuhesabu moja, mbili, tatu, kila sekunde namba moja, tarehe 9 Oktoba 1962 bendera yetu ilipopandishwa. Bila kulala wala kula, angeifikia Novemba 2098.

Hatua ya pili: isome kwa nje

Kabla ya kupasua kuni, mtu huutazama ufa. Namba inaishia na 7, kwa hiyo si shufwa, wala 5 haiigawi. Jumla ya tarakimu zake ni 4+2+9+4+9+6+7+2+9+7 = 59. 59 haigawanyiki kwa 3, basi na namba yetu haigawanyiki kwa 3. Endelea: 5+9 = 14, 1+4 = 5. Andika hii 5 pembeni, tutaihitaji kuhakiki.

Kwa 7, 11 na 13 kuna njia moja inayozimaliza zote tatu, kwa sababu 7×11×13 = 1,001. Kata namba katika mafungu ya tarakimu tatu kutoka kulia, kisha toa na kujumlisha kwa kupokezana: 297 − 967 + 294 − 4 = −380. Sasa ipime 380 tu. Kwa 7 inabaki 2, kwa 11 inabaki 6, kwa 13 inabaki 3. Hakuna hata moja inayoigawa.

Ukiiandika kwa mtindo wa kompyuta, wa 0 na 1 tu, namba hii ni 1, halafu sifuri 31, halafu 1. Kama tungehesabu kwa mafungu ya 256 badala ya makumi, ingekuwa 1-0-0-0-1. Litazame umbo hilo: 1 ncha mbili na utupu katikati.

Hatua ya tatu: ijue familia yake

Anza na 2, ongeza 1: 3. Zidisha 2 kwa yenyewe, ongeza 1: 5. Zidisha 4 kwa yenyewe, ongeza 1: 17. Kisha 257, ndugu yetu wa Burundi. Kisha 65,537. Zote tano ni tasa. Mwaka 1640 Fermat aliandika kwamba anaamini zote zinazofuata ni tasa pia, ingawa alikiri kwamba hana uthibitisho. Inayofuata ndiyo yetu.

Mimi simlaumu. Hata jaribio linalojulikana la namba 2 linadanganyika hapa. Kuna kanuni ya Fermat mwenyewe, na tutaitumia muda si mrefu: ikiwa p ni tasa, na ukazidisha pamoja p−1 za namba yoyote ambayo p haiigawi, ukigawa jawabu kwa p baki ni 1. Ukiijaribu namba yetu kwa kutumia 2, baki ni 1 kweli, kama vile ingekuwa tasa. Sasa tuone ilichoficha.

Hatua ya nne: punguza watuhumiwa

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo ninapotaka uende polepole kuliko kote.

Njia ya nguvu ni kugawa kwa kila namba tasa mpaka kufikia kipeuo cha pili, ambacho kwetu ni kama 65,536. Namba tasa chini ya hapo ni 6,542. Hakuna daftari la kutosha. Badala yake tujiulize: kama kuna namba tasa p inayoigawa namba yetu, p hiyo lazima iwe na sura gani?

Tazama kwanza mfano mdogo wa 17. Anza na 1, kila hatua zidisha kwa 2, na ukifika au kuzidi 17, toa 17. Unapata 1, 2, 4, 8, 16, 15, 13, 9, halafu 1 tena. Ni kama taksi inayotoka stendi na kurudi palepale. Mzunguko wake una hatua 8. Na angalia katikati ya safari: baada ya hatua 4 ilikuwa kwenye 16, ambayo ni 17 kasoro moja. Tutaiita −1.

Sasa chukua hiyo p tusiyoijua. Ikiwa inaigawa 2³² + 1 bila baki, basi 2³² yenyewe ni kasoro moja. Kwa maneno mengine, taksi yetu ya kuzidisha kwa 2 iko kwenye −1 baada ya hatua 32. Hatua nyingine 32 zinaleta −1 mara −1, yaani 1. Kwa hiyo baada ya hatua 64 iko stendi.

Je, huenda ilishapita stendi mapema? Urefu wa mzunguko lazima uigawe 64 sawasawa, kwa hiyo ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 au 64. Lakini zote hizo isipokuwa 64 zinaigawa 32 pia. Kama mzunguko ungekuwa mmojawapo, hatua ya 32 ingekuta taksi stendi, kwenye 1, na sisi tunajua iko kwenye −1. Basi mzunguko ni 64 kamili.

Na kanuni ya Fermat inasema taksi lazima iwe stendi baada ya hatua p−1. Kwa hiyo 64 inaigawa p−1. Andika kwa herufi kubwa daftarini: KILA KIGAWO TASA CHA NAMBA HII NI KIZIDISHO CHA 64 KUJUMLISHA MOJA.

Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi, ndiye aliyeithibitisha kanuni hii. Tazama inavyofagia: 65 ni 5×13, itoe. 129 ni 3×43, itoe. 193 ni tasa, ibaki. 257 ibaki. 321 na 385 zitoke. 449 ibaki. 513 itoke. 577 ibaki. 641 ibaki. Kutoka maelfu, mpaka hapo tuna watuhumiwa watano tu.

Hatua ya tano: wapime mmoja mmoja

Hauhitaji kugawa namba ya tarakimu kumi. Anza na 256, zidisha yenyewe mara mbili, na kila mara baki na baki tu. Mwishoni ongeza 1. Ukipata sifuri, yaani ukipata namba unayoipima yenyewe, umeshinda.

193: 256 inabaki 63. 63×63 = 3,969, inabaki 109. 109×109 = 11,881, inabaki 108. Ongeza 1: 109. Hapana.

257: 256 ni −1. Zidisha yenyewe ni 1, tena ni 1. Ongeza 1: 2. Hapana. Kumbe Uganda na Burundi zinamalizana haraka.

449: 65,536 inabaki 431, yaani −18. (−18)×(−18) = 324. Ongeza 1: 325. Hapana.

577: 65,536 inabaki 335. 335×335 = 112,225, inabaki 287. Ongeza 1: 288. Hapana.

641: 65,536 inabaki 154. 154×154 = 23,716. Gawa kwa 641: 36 mara, ambayo ni 23,076, inabaki 640. Ongeza 1.

641.

Mara ya kwanza nilipoifanya hesabu hii nilikuwa nimekaa nje usiku na taa ya sola, na nilipoona 640 nilirudia mstari huo mara tatu kabla ya kuamini. Euler aliikuta mwaka 1732.

Ukitaka kuona kwamba si bahati, tazama 641 kwa njia mbili. Kwanza, 641 = 5×128 + 1, kwa hiyo machoni pa 641, 5×2⁷ ni −1. Pili, 641 = 625 + 16, kwa hiyo 5⁴ ni −2⁴. Zidisha pamoja nne za ile ya kwanza: 5⁴×2²⁸ inakuwa 1. Weka −2⁴ mahali pa 5⁴: −2³² ni 1, basi 2³² ni −1. Mistari mitatu tu, hata karatasi ya soda inatosha.

Hatua ya sita: gawa, na uhakiki

Sasa gawa kwa mkono 4,294,967,297 kwa 641. Usiogope urefu wake, ni mgawanyo wa kawaida. Jawabu ni 6,700,417, hakuna baki.

Hakiki kwa ile 5 uliyoiandika pembeni. Tarakimu za 641: 6+4+1 = 11, 1+1 = 2. Za 6,700,417: jumla 25, 2+5 = 7. 2×7 = 14, 1+4 = 5. Zimekubaliana. Uhakiki huu hauthibitishi kila kitu, lakini hushika makosa mengi ya mkono, na mimi humtaka kila mwanafunzi aufanye kabla ya kuniletea daftari.

Hatua ya saba: je, 6,700,417 nayo inakatika?

Kipeuo chake cha pili ni kati ya 2,588 na 2,589. Watuhumiwa ni walewale, lakini tunaweza kuwapunguza nusu. Chukua namba b = 2²⁴ − 2⁸. Izidishe yenyewe: unapata 2⁴⁸ − 2×2³² + 2¹⁶. Kipande cha kwanza na cha mwisho pamoja ni 2¹⁶×(2³² + 1), ambacho p inakigawa, kwa hiyo ni sifuri. Kinachobaki ni −2×2³², na kwa kuwa 2³² ni −1, hiyo ni 2. Maana yake b ni nusu ya hatua ya taksi yetu: hatua mbili za b ni hatua moja ya 2. Mzunguko wa b basi una hatua 128, na kwa hiyo 128 inaigawa p−1. Édouard Lucas aliionyesha hii mwaka 1878.

Sasa pitia vizidisho vya 128 kujumlisha moja, mpaka 2,588, ukitoa visivyo tasa. Vinabaki vitano: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Gawa 6,700,417 kwa kila kimoja. Mabaki, kwa mpangilio huo, ni 170, 44, 120, 334 na 622. Hakuna sifuri. Kwa hiyo 6,700,417 ni tasa, na umemaliza kuipasua:

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Ukiwa na vipande hivi viwili, maswali mengine yanajibika mara moja. Vigawo vyake ni vinne tu: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe. Jumla ya vigawo vyote ni 4,301,668,356. Namba ndogo kuliko hii zisizoshirikiana nayo kigawo chochote zaidi ya 1 ni 640 × 6,700,416, yaani 4,288,266,240. Karibu zote, basi.

Hatua ya nane: miraba miwili, mara mbili

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na vitabu vya shule huiruka. Namba yetu ni 65,536² + 1², hilo ni wazi kutokana na jinsi tulivyoijenga. Lakini vipande vyake navyo ni jumla za miraba:

641 = 25² + 4²
6,700,417 = 2,556² + 409²

Zihakiki (625 + 16, na 6,533,136 + 167,281). Sasa zidisha kwa kuvukanisha. 25×2,556 = 63,900 na 4×409 = 1,636. Zijumlishe: 65,536. Halafu 25×409 = 10,225 na 4×2,556 = 10,224. Zitoe: 1. Imerudi ileile 65,536² + 1² tuliyoanza nayo.

Geuza alama. Toa ulipojumlisha, jumlisha ulipotoa: 63,900 − 1,636 = 62,264, na 10,225 + 10,224 = 20,449. Basi

4,294,967,297 = 62,264² + 20,449²

Fanya hesabu uone: 3,876,805,696 + 418,161,601. Inafika sawasawa. Na Euler alijua kwamba namba tasa haiwezi kamwe kuandikwa kama jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti. Kwa hiyo mstari huo mmoja peke yake unatosha kumwonyesha mtu kwamba namba hii si tasa, bila hata kumtajia 641.

Hatua ya tisa: mtazame jirani

Rudi nyuma hatua mbili, kwenye 4,294,967,295. Hiyo ni 2³² − 1, yaani 65,536² − 1², na tofauti ya miraba hukatika: 65,535 × 65,537. 65,535 nayo ni 255 × 257. 255 ni 15 × 17, na 15 ni 3 × 5. Ukikusanya:

4,294,967,295 = 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537

Familia nzima ya tasa za Fermat, kila mmoja mara moja. Hakuna tasa nyingine ya familia hiyo inayojulikana mpaka leo. Carl Friedrich Gauss aligundua mwaka 1796, akiwa bado kijana, kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari tu, na mwaka 1837 Pierre Wantzel akakamilisha uthibitisho wa ni maumbo yapi yanawezekana: kama idadi ya pande ni witiri, lazima iwe tasa ya Fermat au zao la tasa za Fermat zilizo tofauti. Kwa hiyo jirani yetu ndiye umbo kubwa kabisa la pande witiri linalojulikana kuchorwa kwa rula na bikari. Na 4,294,967,297, iliyo mbele yake kwa hatua mbili, haiwezekani, kwa sababu ya 641.

Ukitaka kuendelea

Inayofuata katika familia ni 18,446,744,073,709,551,617. Fanya tena hoja ya taksi, na ile ya b, kwa 2⁶⁴ + 1. Utaona mwenyewe kwamba vigawo vyake tasa vyote lazima viwe vizidisho vya 256 kujumlisha moja: namba ya simu ya Uganda, tena. Fortuné Landry, Mfaransa aliyekuwa amevuka miaka 80, alitangaza kigawo chake mwaka 1880. Ni 274,177, yaani 256 × 1,071 + 1. Kuipima unahitaji kuzidisha mara tatu tu kuanzia 256, ukibaki na baki kila mara.